Bwawa la Sasumua

Leo twende Kinangop Kusini, kwenye Bwawa la Sasumua. Maji yake hutoka milima ya Nyandarua. Kule juu ya msitu kuna nyanda za majani na baridi. Ardhi yake hunyonya mvua kama sifongo, kisha huiachilia pole pole mitoni.

Jua likiwaka, watoto hutamani kujitosa. Wazazi, wakatazeni. Juu maji yana vuguvugu, chini ni baridi kali; mwili ukishtuka pumzi hukatika, hata kwa anayejua kuogelea. Tena matope hushika miguu. Mwenzako akizama usimfuate majini: piga kelele, mrushie kamba au mtungi mtupu uliofungwa kifuniko.

Je, matope hayo yatoka wapi? Mengi ni udongo wa mashamba yetu. Shamba la viazi lililolimwa kuelekea bondeni hukimbia na mvua. Basi limeni kwa kukingama mteremko, pandeni nepia kwenye kingo za matuta, wala msilime mpaka mtoni. Udongo ukibaki shambani, wewe utavuna, na Nairobi itakunywa maji safi.