KUCHUMIA NYUMBANI: HAKI YA KAZI, HAKI YA MTOTO NA HAKI YA MWILI

Hotuba ya Kwanza

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa usiku na mchana, aliyetujaalia usiku uwe wa kupumzika na mchana uwe wa kutafuta maisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake, na Masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya. Ndugu zetu Waislamu, mlio misikitini na mlio majumbani mkitusikiliza kwa njia ya redio, tunajiusia sisi wenyewe kwanza, kisha tunawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Maneno yetu ya leo yanamhusu mzazi anayechuma riziki yake ndani ya nyumba yake, huku akilea. Apitaye katika mitaa ya Kirumba baada ya Sala ya Alfajiri husikia mafuta yakichemka na cherehani ikizunguka. Mmoja anakaanga maandazi ya kuuza. Wa pili anashona sare za wanafunzi. Wa tatu anachambua dagaa walionunuliwa soko la Mwaloni. Na mzee asiyeweza tena kuingia ziwani amekaa uani akiziba nyavu, na mjukuu wake yuko ubavuni pake. Wote hao wako kazini, wala hawakuvuka kizingiti cha mlango wao. Na wengi wao wana mtoto mgongoni, au miguuni, au aliye mlangoni akiomba uji.

Siku hizi wamo pia walioajiriwa, waandikao na kuhesabu kwa kompyuta na simu wakiwa majumbani. Mwezi wa Machi mwaka 2020, shule zilipofungwa nchini kwa sababu ya maradhi ya korona, na zikakaa hivyo mpaka wengi wa wanafunzi waliporejea mwishoni mwa Juni, wazazi wengi walionja kwa mara ya kwanza jambo ambalo mama wa Kirumba analijua miaka yote: kwamba kazi na mtoto, vikikaa chumba kimoja, kila kimoja hudai kusikilizwa kwanza.

Ndugu zetu, wako watu wanaosema, "Huyu hana kazi, yuko nyumbani tu." Neno hili si la haki. Mke wa Sahaba Abdullah bin Mas'ud (R.A.) alikuwa na kazi ya mikono, akiwatumilia mumewe na watoto kutokana na chumo lake. Alipomwendea Mtume (S.A.W.) kumwuliza kama ana ujira katika hayo, alipewa bishara kwamba anao. Na Bibi Zaynab binti Jahsh (R.A.), mmoja wa Mama wa Waumini, alikuwa akitengeneza ngozi na kushona, kisha chumo lake akilitoa sadaka. Basi kazi ya nyumbani iliingia katika nyumba ya Mtume mwenyewe, wala haikudharauliwa humo.

Lakini kazi yenye ujira inaweza kugeuka dhuluma, ikiwa mtu atamdhulumu mwanawe kwa ajili yake, au ataudhulumu mwili wake mwenyewe. Hapa tunawaeleza jambo lililotupata sisi, ili liwe somo kwa wengine.

Katika masika ya mwaka mmoja, mama watoto wetu alikuwa akikaanga maandazi usiku ili yawe tayari asubuhi. Mvua ikazidi, akaliingiza jiko la mkaa ndani, akafunga mlango na dirisha ili baridi isimpate mtoto mchanga aliyelala. Sisi tulikuwa chumba cha pili tukiandaa hotuba juu ya haki za jirani. Tulisikia karai likianguka. Tulipoingia tulimkuta ameketi chini, kichwa kinamzunguka, hawezi kusimama, na mtoto amelegea, anaitwa haitiki. Tukawatoa nje mvuani. Mwenyezi Mungu akatuhurumia. Hewa safi iliwarudisha wote wawili, na kulipokucha tukawapeleka kwa daktari.

Daktari alitueleza kwamba mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu, nayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kuizuia isichukue oksijeni, na mtu huweza kulala asiamke. Tulimshukuru Mola wetu, kisha tukaona haya. Tulikuwa tukitafuta maneno juu ya haki ya jirani, na jirani yetu wa karibu kuliko wote alikuwa nyuma ya ukuta mmoja, ana saa tano yuko kazini, na hatukumwuliza hata mara moja kama amechoka.

Ndugu zetu, mwili una haki. Imepokewa kwamba Salman Al-Farisi alipomzuru nduguye Abu Dardaa (R.A.) aliona ibada ya nduguye imempita kiasi, amemwacha mkewe na kujinyima usingizi. Salman akamlaza sehemu ya usiku, akamwamsha sehemu ya mwisho, akamkumbusha kwamba Mola ana haki, na nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, na kila mmoja apewe yake. Jambo lilipofika kwa Mtume (S.A.W.) alimsadiki Salman. Ikiwa mtu hakuruhusiwa kuuangamiza mwili wake kwa sababu ya Sala za usiku, vipi ataruhusiwa kuuangamiza kwa sababu ya maandazi na magunia ya dagaa?

Basi yatupasa kuigawa siku. Aendaye kazini mbali ana saa ya kutoka na saa ya kurudi. Lakini achumiaye nyumbani, kazi yake humkodolea macho tangu aamkapo hata alalapo. Mwenyezi Mungu ametupa Sala tano, nazo ni mipaka mitano iliyowekwa katika siku. Itakapoadhiniwa Adhuhuri, cherehani inyamaze. Mshonaji ainuke, anyooshe mgongo, atawadhe, asali, kisha ale pamoja na wanawe. Apate na usingizi mfupi wa mchana, yaani kailula, kwani ni katika mwenendo wa watu wema. Na baada ya Isha asianze kazi mpya. Imethibiti kwamba Mtume (S.A.W.) hakupenda mazungumzo ya kukesha baada ya Isha, na mzazi mwenye mtoto anyonyaye ana haja zaidi ya kulala mapema, kwa kuwa usiku wake utakatwa mara nyingi.

Tena watu wa ziwani wamepewa kipimo kingine. Mnajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Zamani kwa karabai, na sasa kwa taa za betri na za umeme wa jua. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wake huzishinda taa, na mitumbwi hupumzika ufukoni. Wengi huziita siku hizo siku za hasara. Sisi tunasema ni siku za rehema. Tazameni, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu ndizo siku nyeupe, ambazo Mtume (S.A.W.) alihimiza kuzifunga kwa aliye na uwezo. Siku zile zile ambazo ziwa linawapumzisha wavuvi, dini inatuita kwenye ibada. Mama aliyechambua dagaa kwa majuma mawili aupumzishe mgongo wake siku hizo, amtazame mwanawe anavyokua, amwulize anasoma nini chuoni. Na akiwa ananyonyesha na akahofia nafsi yake au mtoto, asijilazimishe kufunga; hata funga ya faradhi amepewa ruhusa ya kuichelewesha, seuze ya sunna.

Ninasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na ninyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Hotuba ya Pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake mwaminifu.

Ndugu zetu, sasa tunasema na akina baba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Lakini mama akaangaye maandazi uani kwake hana mwajiri wa kumpa likizo. Basi likizo yake itatoka wapi, isipokuwa kwako wewe mumewe, na kwa mama mkwe, na kwa majirani? Kumbukeni kwamba nafaka ya nyumba iko shingoni mwa mume, na chumo la mke ni mali yake. Halichukuliwi ila kwa ridhaa yake. Akisaidia, amefanya hisani, na hisani hailipwi kwa kuketi barazani ukisubiri chai.

Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa juu ya mwenendo wa Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ukifika akitoka kwenda kusali. Ikiwa mbora wa viumbe alifanya hivyo, nani kati yetu atavunjika heshima kwa kumbeba mtoto saa moja, au kuteka ndoo ya maji?

Tunawausia mambo manne. Kwanza, jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha namna gani. Tujenge kibanda uani, japo cha mabati makuukuu. Pili, karai la mafuta, sindano na mikasi viwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Tatu, mtoto asikoseshwe shule wala madrasa kwa sababu ya kutembeza sinia la maandazi. Nne, mtoto akilia wakati wa kazi, asichukuliwe kuwa adui wa riziki. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiisikia sauti ya mtoto akilia naye yumo katika Sala, akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Sala imefupishwa kwa kilio cha mtoto. Shati la mteja haliwezi kungoja kidogo?

Na kwa mama aliyechoka tunamaliza kwa habari ya Bibi Fatma (R.A.). Mikono yake ilimuuma kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume (S.A.W.) aliwajia usiku, yeye na Sayyidna Ali, akawafundisha walalapo waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, na akawaeleza kuwa hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Tazameni, ndugu zetu: dhikri hiyo husemwa kitandani. Basi ili uiseme, huna budi kwanza kuiacha kazi na kulala.

Ewe Mwenyezi Mungu, zibariki riziki zinazochumwa kwa halali katika nyumba zetu. Wape afya mama wanaochuma na kulea, na walainishe nyoyo waume zao. Wakuze watoto wetu katika imani na elimu. Wasalimishe walio ziwani usiku huu, uwarudishe kwa watu wao. Warehemu wazee wetu waliotangulia. Amin, ewe Mola wa walimwengu wote.

Simamisheni Sala.