Tusi Huelekezwa kwa Mwanamke: Lugha ya Dharau katika Programu za Kutafuta Wapenzi, Tukiitazama kutoka Mara

Mada kwa warsha ya waandishi wa habari, walimu wa Kiswahili na watoa huduma za afya, Musoma



1. Utangulizi

Mada hii ni miongoni mwa zile zinazofanya watu wakohoe ukumbini kabla hazijaanza. Nitaomba tuvumiliane. Tutazungumzia maneno ambayo wanaume wanaotafuta wapenzi wa kiume huambiana kwenye programu za simu, hasa maneno ya kukataana na kudhalilishana. Tutataja matusi kwa majina yake, kwa sababu mwalimu au muuguzi asiyetaja neno hawezi kulijadili. Sikuchukua wasifu wa mtu yeyote kutoka kwenye simu. Maneno nitakayoyajadili yanasikika mitaani, na mengine yamekwisha kuandikwa na watafiti.

Hoja yangu ni moja. Ukiyapanga maneno hayo na kuuliza yanamdhalilisha nani, utakuta kwamba mlengwa mkuu ni yule anayefananishwa na mwanamke. Dharau inayoonekana kuwa ngeni, iliyoletwa na simu za kisasa, ni dharau tunayoifahamu majumbani mwetu.

2. Mji mdogo kwenye skrini

Grindr, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 2009, ndiyo iliyoeneza mtindo uliofuatwa na programu nyingine nyingi: simu inasoma mahali ulipo, kisha inakupangia picha za watumiaji kuanzia aliye karibu hadi aliye mbali. Katika jiji kama Dar es Salaam skrini inaweza kujaa watu wa mitaa ya jirani. Katika mji wa ukubwa wa Bunda, picha chache za kwanza zikiisha, umbali unaruka hadi Mwanza, hadi Tarime, na kuvuka mpaka wa Sirari kuelekea Migori na Kisumu. Hapo Kiswahili cha Mwanza kinakutana na Sheng, Kijaluo na Kiingereza cha kubahatisha.

Hali hiyo ina matokeo mawili. La kwanza ni kwamba siri ni ngumu kuitunza. Hapa Musoma, kutoka Mwigobero hadi Makoko si safari, na mtu anaweza kutambuliwa kwa kovu la mkononi au rangi ya ukuta nyuma yake hata kama ameficha uso. La pili linahusu lugha yenyewe. Nafasi ya kujieleza ni mistari michache, kwa hiyo wengi hujieleza kwa kutaja wasichokitaka. Huko Marekani na Ulaya mtindo huo ulizaa msemo uliokuwa kama kibwagizo: si wanene, si wenye tabia za kike, si Waasia. Malalamiko yalipozidi, Septemba 2018 Grindr ilianzisha kampeni iliyoiita Kindr ya kuwahimiza watumiaji waheshimiane, na Juni 2020 ikatangaza kuondoa kichujio kilichomwezesha mtu kuchagua wenzake kwa asili yao. Hata hivyo kampuni haiwezi kuondoa kichujio kilichomo kichwani mwa mtu.

Mtu wa Afrika Mashariki aliyehamia London au Toronto hukutana na ubaguzi huo wa rangi akiwa upande wa kubaguliwa: ama hatakiwi kwa weusi wake, ama anatakiwa kwa weusi huohuo, kana kwamba yeye ni mwili tu usio na jina. Akirudi kuchati na watu wa nyumbani, anaweza kuwa yeye ndiye anayebagua kwa vipimo vingine.

3. Ngazi iliyomo ndani ya maneno

Watafiti waliofika pwani waliiona zamani ngazi inayomweka mmoja juu na mwenzake chini. Gill Shepherd aliandika kuhusu Mombasa mwaka 1987, na Deborah Amory akachapisha mwaka 1998 makala kuhusu pwani ya Afrika Mashariki yenye maneno matatu katika kichwa chake: mashoga, mabasha na magai. Mawili ya mwanzo yanaonyesha mgawanyo wa zamani. Basha ni yule anayehesabiwa kuwa bado mwanamume, mara nyingi mwenye umri au fedha zaidi. Shoga ni yule anayehesabiwa kuwa ameshuka. La tatu lilikuja na Kiingereza, likiwa na wazo kwamba wote wawili ni watu wa aina moja.

Mgawanyo wa zamani haujafa. Shoga, ambalo wanawake wa pwani wanaitana hadi leo kwa upendo, likihamishiwa kwa mwanamume linageuka tusi. Kosa la anayetukanwa ni kuitwa kwa jina la wanawake. Hanithi, lililotoka Kiarabu, linamshutumu mtu kwa kukosa nguvu za kiume. Choko, punga, bwabwa na msenge yote yanamwangukia yule anayedhaniwa kupokea. Kwa upande wa pili kuna basha, na basha haliumi sana. Wapo wanaolitumia kwa majigambo.

Sasa rudini kwenye skrini. Mtu anapoandika kwamba anataka "mwanaume kweli tu", au kwamba wenye sauti nyororo wasimsumbue, anapanda juu ya ngazi hiyohiyo. Naye pia angeitwa choko akigundulika mtaani, lakini ndani ya programu anatafuta aliye chini yake wa kumrushia neno hilo. Neno kama kuchu, lililoenea kutoka Uganda na kutumiwa na wahusika wenyewe bila kejeli, lilikusudiwa kuwaepusha na ngazi hiyo. Linawasaidia watu kutambuana, lakini halijaifuta dharau baina yao.

4. Vipimo vingine vya kukataana

Juu ya ngazi hiyo hupandikizwa vipimo tulivyovizoea sote. Kipo cha kijiografia: mtu wa Kiabakari au Kibara ni "mshamba" au "wa mkoani" kwa aliyekulia Sinza, Dar es Salaam. Kipo cha fedha. Maneno ya mapenzi ya kawaida kama buzi, danga, marioo na kibenteni yamehamia huko yakiwa mazima, na kila kijana maskini anashukiwa kuwa amekuja kuchuna.

Kipo cha kabila, na hapa Mara kina sura yake. Mkoa wetu una Wakurya, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Waruri, Wakwaya, Wakabwa, Wajaluo na wengine. Tohara imekuwa mpaka wa utani na wa matusi baina ya majirani kwa vizazi vingi. Kumkataa mtu kwa kutaja kabila lake na hali ya mwili wake ni kuuhamishia utani wa mnadani mahali ambapo hakuna mtani. Aliye peke yake na simu yake saa sita usiku hana wa kumcheka wala wa kumjibia.

Kipimo kizito kuliko vyote ni cha ugonjwa. Swali "uko safi?" linaonekana la kistaarabu, lakini ndani yake mna hukumu kwamba mwenye virusi vya UKIMWI ni mchafu. Mtaani tunasema mtu "ana ngoma" au "amekanyaga miwaya". Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi. Sayansi nayo imekwisha kuthibitisha kwamba anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Anayeulizwa kama ni safi hujifunza kukaa kimya. Anayekaa kimya hachelewi kuacha kupima.

5. Mara na mwanamke aliye mume

Mkoa huu una mfano unaotusaidia kuipima hoja yangu. Miongoni mwa Wakurya ipo nyumba ntobhu: mwanamke mwenye umri na mali, asiye na mtoto wa kiume, hulipa mahari na kuoa mwanamke mwingine ili watoto watakaozaliwa na huyo mke wabebe jina na urithi wa nyumba yake. Watoto hao huzaliwa na mwanamume aliyeafikiwa au kuchaguliwa. Ni mpango wa ukoo na urithi, na Wakurya hawauhesabu kuwa uhusiano wa kimapenzi kati ya wanawake wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ya mwanamume na mwanamke, hivyo nyumba ntobhu imebaki katika mila. Habari zake zinaposambaa mtandaoni, wasioufahamu mpango huo hucheka na kuwaita wanawake hao wasagaji, na bibi wa Nyamongo aliyekuwa akitafuta mrithi anajikuta ametukanwa na dunia nzima.

Lakini angalieni jambo la pili. Jamii iliyomkubali mwanamke kushika nafasi ya mume haiwezi hata kwa dakika moja kumvumilia mwanamume anayetembea kama mwanamke. Kupanda kutoka uanamke kwenda uanaume kunaeleweka, kunaheshimika na kunalipiwa ng'ombe. Kushuka ndiko kunakotukanwa. Ngazi ni moja.

Ngazi hiyo inaonekana pia kwa wasichana wetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 10 kitaifa, na Mara asilimia 32. Msichana anayekataa kisu huitwa majina ya kumwondolea utu wake wa kike, na wengine wamelazimika kukimbilia nyumba salama, zikiwemo za Mugumu na Butiama. Kijana anayeona dada yake akidhalilishwa kwa mwili wake amekwisha kufundishwa lugha atakayoandika kwenye simu.

6. Neno linapotoka kwenye skrini

Matusi ya programu yangekuwa mambo ya kuudhi tu kama yangebaki humo. Hayabaki. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kwa kosa la kujamiiana kinyume cha maumbile adhabu ya hadi kifungo cha maisha, na si chini ya miaka 30. Katika mazingira hayo, mazungumzo yaliyopigwa picha ya skrini ni silaha. Mwenye nia mbaya hujifanya mpenzi, hupanga mahali pa kukutana, kisha hudai fedha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtisha na kumsumbua mtu kwa njia ya mtandao, na inakataza pia kumtusi kwa rangi, asili au dini yake. Ila aliyetishwa akienda kituoni, itambidi kwanza aeleze alikuwa anachati na nani na kwa nini. Wengi hulipa na kunyamaza.

Tumekwisha kuona pia jinsi neno linavyogeuka orodha. Mnamo Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha picha na majina ya watu likiwashutumu kwa ushoga. Mmoja wao, David Kato, aliuawa Januari 2011. Hapa kwetu, mwishoni mwa Oktoba 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi wampelekee majina ya watu kama hao. Siku chache baadaye Serikali ilitamka kuwa huo haukuwa msimamo wake. Kabla ya hapo, mwaka 2017, vituo vya huduma za afya kwa makundi maalumu, wakiwemo wanaume hawa, vipatavyo 40 vilikuwa vimekwisha kufungwa. Kwa mtu aliyevitegemea vituo hivyo, simu ikabaki mahali pa pekee pa kuuliza kuhusu afya yake, na humo ndimo anamotukanwa.

Hata kampuni zenyewe si za kuaminiwa kirahisi. Mwaka 2018 ilibainika kuwa Grindr ilikuwa ikizipatia kampuni nyingine mbili taarifa za watumiaji, zikiwemo za hali yao ya virusi vya UKIMWI, na Desemba 2021 mamlaka ya Norway ikaitoza faini ya kroner milioni 65 kwa kugawa taarifa bila ridhaa halali. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ni wajibu wetu kuijua.

7. Mapendekezo

Kwa waandishi wa habari: andikeni tukio bila kuongeza tusi. Mtuhumiwa ana jina na kosa analoshitakiwa, na hahitaji kuitwa choko katika kichwa cha habari. Msichapishe picha za mazungumzo ya siri. Na mnapoandika kuhusu nyumba ntobhu, waulizeni kwanza wanaoishi humo.

Kwa watoa huduma za afya: ondoeni maneno "msafi" na "mchafu" katika mazungumzo ya vipimo. Muulizeni mgonjwa anachofanya kwa maneno ya kawaida, na anachowaambia kiishie chumbani humo.

Kwa walimu wa Kiswahili: mvulana anapomtania mwenzake kwa kumwita mwanamke, msicheke wala msipite. Hilo ndilo somo la kwanza la lugha ya ubaguzi, na hufundishwa uwanjani kabla ya darasani.

8. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, katika ukumbi huu tunatofautiana kuhusu dini, sheria na maadili, na warsha ya siku moja haitatuunganisha. Lakini Ibara ya 12 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake, na Ibara ya 16 inalinda faragha yake. Hakuna sheria ya nchi hii inayoagiza mtu yeyote atukanwe. Tuanze na lugha tunayowaambia watoto wetu wa kiume kuhusu mama zao na dada zao, kwa sababu ndiyo wanayoingia nayo kwenye simu.