Kioo Kilichoimarishwa kwa Joto: Nguvu Yake na Namna ya Kukitambua

Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata



Milango ya vioo yenye fremu za aluminiamu siku hizi si mapambo ya mijini pekee. Imefika kwenye maduka ya dawa, saluni, vibanda vya wakala wa fedha na hata sebule zetu. Si jambo baya. Hata hivyo, mlangoni hupita mtoto anayekimbia, mama mwenye ndoo kichwani, na mteja asiyetambua kuwa mbele yake pana kioo. Kioo cha kawaida kikipasuka hutoa vipande virefu vyenye makali ya kisu, na vile vya juu huweza kumwangukia aliyekwisha kuanguka. Ndiyo sababu leo nazungumzia kioo ambacho mafundi hukiita tempa, maana wengi tunakilipia pasipo kukijua.

Kioo hicho hakitiwi dawa ya ajabu. Ni kioo kilekile cha dirishani. Kiwandani hukatwa kwa kipimo cha mwisho, hutobolewa matundu ya kitasa na bawaba, kingo zake husuguliwa, kisha huingizwa katika tanuri na kupashwa joto hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kiwango ambacho kioo huanza kulegea bila kuyeyuka. Kikitoka humo hupulizwa upepo mkali pande zote mbili. Nyuso za nje hupoa na kuwa ngumu kwanza, ilhali kiini kingali na moto. Kiini kinapopoa baadaye hutaka kusinyaa, lakini nyuso zimekwisha kukaza. Tokea hapo kiini hubaki kikivutwa na nyuso hubaki zikibanwa, maisha yote ya kioo hicho.

Faida yake ni hii: kioo huvunjika kwa kuvutwa, si kwa kubanwa, na ufa huanzia penye mkwaruzo mdogo usoni. Pigo likija, sharti kwanza limalize ule mbano ndipo lianze kuuvuta uso. Kwa viwango vya Marekani, mbano wa kioo kilichoimarishwa kikamilifu haupungui megapaskali 69, sawa na takriban kilo 700 juu ya kila sentimita ya mraba. Kwa hiyo hustahimili mara nne hadi tano kuliko kioo cha kawaida cha unene uleule. Kipo pia kilichopozwa polepole zaidi, chenye nguvu kama mara mbili tu. Hicho huvunjika vipande vikubwa, na hakifai mlangoni. Tena, tempa hupinda sawa na kioo cha kawaida. Wapo wanaodhani kwamba neno hilo linawaruhusu kuweka kioo chembamba, wanajidanganya.

Jambo hili halikuanza jana. Katika karne ya 17 wataalamu wa Ulaya walidondosha kioo kilichoyeyuka ndani ya maji, wakapata matone yenye mikia. Kichwa cha tone kilihimili nyundo, lakini mkia ulipovunjwa tone zima liligeuka unga. Mwaka 1874 Mfaransa Royer de la Bastie alipata hataza ya kuimarisha kioo kwa kukizamisha katika mafuta ya moto.

Tone lile linaeleza kwa nini tempa haikatwi. Mara tu tabaka linalobanwa linapopenywa, nguvu yote iliyofungwa ndani hufunguka, na kioo kizima husambaratika kuwa chembe ndogo zisizo na ncha ndefu. Basi, fundi akileta kipande kikubwa, akakipima mlangoni kwako na kukikata vizuri mbele ya macho yako, hicho si tempa, hata kama risiti imeandikwa hivyo. Tazameni pia pembeni ya kioo: viwanda vingi huweka alama isiyofutika. Kama haipo, ulizeni kabla ya kulipa.

Udhaifu wake uko kwenye kingo. Pigo dogo la kona juu ya sakafu ya saruji huweza kukimaliza kioo ambacho ngumi haikukitikisa. Mara chache hupasuka chenyewe, kwa sababu ya chembe za salfaidi ya nikeli zinazovimba polepole ndani yake; viwanda makini hukipasha joto tena kwa saa kadhaa, ili kilicho kibovu kivunjikie kiwandani. Na kioo kilichopitiwa na moto wa nyumba kisirudishwe mlangoni, kwani joto kali likifuatiwa na kupoa taratibu huondoa ule mbano. Kwa paa la kioo, tumieni kile cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki, maana vipande vyake hubaki vimeshikamana.

Kamati za ujenzi wa shule na zahanati ziandike aina na unene wa kioo katika mkataba, na kumwonesha Mhandisi wa Halmashauri kabla ya kuagiza. Vipimo vichukuliwe fremu ikiwa imekwisha kufungwa, si kwa kukisia kutoka kwenye ramani, kwa kuwa kioo kikizidi hata sentimita moja hakuna namna ya kukipunguza.