Udongo wa Kutengenezea Nywele za Kiume
Udongo huu hauzing'arishi nywele kwa sababu madini yaliyomo, mathalani kaolini, hufyonza mafuta; nta ndiyo ishikiliayo mtindo. Mwenye nywele kavu, zenye kukatika, asihadaike na picha iliyo juu ya kopo: ukavu waweza kuzidi. Someni viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Alama ya kopo lililo wazi, yenye 12M, humaanisha miezi 12 tangu lilipofunguliwa. Jaribuni kidogo kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko, ikiwasha, msitumie. Kiasi cha punje ya harage chatosha nywele fupi: kisugueni viganjani hadi kilainike, mkipake nyweleni, si kwenye ngozi ya kichwa. Na kinyozi anayechovya vidole katika kopo lile lile kwa kila kichwa, mwambieni wazi achote kwa kijiti safi.