Kodi ya Wenye Mali: Maneno Yaliyosemwa Majengo, Nairobi

(Maneno haya yalisemwa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wenyeji wa Majengo waliotaka kuelezwa habari za kodi. Twayachapa kama yalivyosemwa.)



Mmeniita nami nimeitika kwa furaha, ijapokuwa mimi si bingwa wa hesabu. Kazi yangu ni kufasiri. Sheria huandikwa kwa Kiingereza, nami hujaribu kuitia katika lugha ambayo mwenye duka na mchukuzi wa sokoni waweza kuifahamu. Katika kazi hiyo neno linalonisumbua kuliko yote ni fupi sana, nalo ni "kodi". Kwa Kiingereza fedha ambazo mpangaji humpa mwenye nyumba zina jina lake, na fedha zilipwazo Serikali zina jina jingine. Sisi twaziita zote mbili kodi. Hapa Majengo mtu akipita njiani akisema, "Kodi imepanda," mama aliyeketi mlangoni humwuliza kwanza, "Ipi? Ya mwenye nyumba au ya Serikali?" Baadaye mtaona ya kuwa mama huyo ameuliza swali la maana sana.

Jambo tulilo nalo leo ni hili: Je, wenye mali nyingi watozwe kodi zaidi? Kabla ya kuja hapa nilizunguka kidogo, toka vibanda vya Gikomba mpaka nyumba za huku kwetu, nikawauliza watu. Katika wote niliosema nao sikumpata aliyesema hapana. Lakini nilipouliza swali la pili, yaani, "Wasadiki kuwa watailipa?" hapo watu walicheka. Fundi mmoja wa viatu alinijibu bila kuinua macho kazini mwake: "Bwana, sheria itaandikwa juu ya tajiri, lakini itanikuta mimi kwa kuwa mimi ndiye niliye njiani."

Fundi huyo hakusema ovyo, maana mambo ya nchi hii yaliyopita yamshuhudia.

Kodi ya kibanda ilianzishwa hapa mwaka wa 1901, na mwaka wa 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na kibanda cha kutozwa. Kodi hizo hazikuuliza mtu ana nini. Mwenye ng'ombe mia na asiye na kuku walihesabiwa sawa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza ikapandishwa mpaka Sh. 16/- kwa mwaka, na wakati huo huo wazungu wenye mashamba wakakubaliana kupunguza mshahara wa wafanya kazi wao. Hayo ndiyo yaliyomtoa Harry Thuku mbele ya watu mwaka wa 1921. Alikamatwa tarehe 14 Machi, 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika kumdai nje ya kituo cha polisi cha Nairobi walipigwa risasi. Walikufa watu wasiopungua 20, na miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye jina lake lingali likitajwa. Mwaka ule ule kodi ilipunguzwa ikawa Sh. 12/-.

Hayo wengi wenu mwayajua. Nasadiki ya kuwa hili la pili halijulikani sana. Mwaka wa 1921 kodi ya mapato, yaani kodi ipimwayo kwa kadiri ya mtu apatacho, ilikuwa imeanza kutozwa katika Kenya, nayo ingaliwaangukia hasa wazungu na Wahindi wenye mapato makubwa. Masetla waliipinga kwa nguvu, na mwaka wa 1922 ikafutwa. Wao hawakupigwa risasi. Walikuwa na watu wao katika Baraza la kutunga sheria. Upungufu wa fedha ukazibwa kwa ushuru wa forodha juu ya vitu viletwavyo toka ng'ambo, na vitu hivyo vilinunuliwa na watu wote. Mwaka wa 1932 Lord Moyne, aliyeletwa toka Uingereza kuichunguza fedha ya nchi, alishauri kodi ya mapato iletwe tena. Ilirudi mwaka wa 1937. Yaani, ilichukua miaka 15 kumrudisha mwenye mali katika daftari, na katika miaka hiyo yote mwenye kibanda hakusahauliwa hata mwaka mmoja.

Labda mtasema, hayo yalikuwa ya wakoloni. Basi tuje kwetu. Kodi ya urithi, iliyotozwa juu ya mali ya mtu mkubwa akiisha kufa, ilifutwa mwaka wa 1982. Kodi ya faida ipatikanayo kwa kuuza ardhi na mali nyingine ilianza mwaka wa 1975, ikasimamishwa mwaka wa 1985, ikalala miaka karibu 30. Iliamshwa mwaka wa 2015 kwa kiasi cha 5 kwa mia tu, na mwaka wa 2023 ikapandishwa hata 15 kwa mia. Fikirini wenyewe viwanja vilivyouzwa katika mji huu kati ya mwaka wa 1985 na 2015, na ni nani aliyeviuza. Mwuza soda katika miaka hiyo alilipa, kwa kuwa kodi imo ndani ya chupa.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kodi ya wenye mali imewahi kuwekwa katika nchi hii zaidi ya mara moja, nayo imeondolewa bila kelele, katika vyumba ambamo watu wa Majengo hawamo. Kwa hiyo mtu akiniambia raia hawaelewi mambo ya kodi, mimi humwambia waelewa sana, nao wana kumbukumbu ndefu.

Tutazame hali ya sasa. Kwa muda mrefu kodi ya mshahara ilikuwa na ngazi fupi. Hata sheria iliyoanza kutumika mwaka wa 2021 ilimfikisha mtu katika 30 kwa mia mara tu mshahara wake ulipopita Sh. 32,333 kwa mwezi, na hapo ngazi ikaisha. Karani wa Sh. 40,000 na mkubwa wa Sh. 900,000 walisimama juu ya kidato kimoja cha mwisho. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaongeza vidato viwili: 32.5 kwa mia kwa sehemu ya mshahara ipitayo Sh. 500,000, na 35 kwa mia kwa sehemu ipitayo Sh. 800,000. Hilo lilikuwa jambo la haki, nami nalisema wazi. Lakini sheria ile ile ilipandisha kodi ya petroli toka 8 hata 16 kwa mia, na nauli haiulizi abiria ana mshahara gani.

Halafu ukaja Mswada wa Fedha wa 2024. Nataka mtazame kipande kimoja tu cha mswada huo, kile cha kodi ya magari. Kila gari lingetozwa 2.5 kwa mia ya thamani yake kwa mwaka, si chini ya Sh. 5,000 wala si zaidi ya Sh. 100,000. Kwa maneno, ilikuwa kodi ya wenye magari. Sasa pigeni hesabu. Gari la Sh. 4,000,000 lingelipa Sh. 100,000. Gari la Sh. 20,000,000 lingelipa Sh. 100,000 hizo hizo, ambayo ni nusu ya moja kwa mia tu. Na gari kuukuu la Sh. 100,000, ambalo fundi hulitumia kubebea mbao, lingelipa Sh. 5,000, yaani 5 kwa mia. Kadiri ulivyozidi kuwa tajiri ndivyo ulivyopunguziwa. Kodi hiyo, pamoja na ile ya mkate na ya mafuta ya kupikia, iliondolewa katika mswada tarehe 18 Juni, lakini watu walikuwa wamekwisha kasirika. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika Bunge, vijana wakauawa kwa risasi katika barabara za mji huu, na siku ya pili yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada wote. Toka kituo kile cha polisi cha 1922 mpaka Bunge si mwendo mrefu kwa miguu.

Sasa nitasema juu ya nyumba, kwa kuwa hapa Majengo nyumba ndiyo mali tuijuayo. Mtaa huu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu walipoletwa Pumwani toka vijiji vya zamani vya mji, wakapewa viwanja wajenge wenyewe kwa miti na udongo. Toka siku hizo kuna akina bibi wanaoishi kwa kodi ya vyumba vinne au vitano. Je, hao ni matajiri?

Sheria ya kodi ya mapato ya nyumba za kukaa watu yasema hivi: apataye chini ya Sh. 288,000 kwa mwaka, yaani Sh. 24,000 kwa mwezi, haingii katika kodi hiyo. Azidiye hapo mpaka Sh. 15,000,000 kwa mwaka hulipa kwa kiasi kimoja, ambacho kilikuwa 10 kwa mia, na toka Januari 2024 kimeteremshwa kuwa 7.5 kwa mia. Hapo hakuna ngazi hata kidogo. Nimejaribu hesabu hii kwa kalamu. Mwenye jumba la ghorofa huko Eastleigh apataye Sh. 1,000,000 kwa mwezi hulipa Sh. 75,000. Mtu aliyeajiriwa kwa mshahara wa Sh. 1,000,000, kwa kufuata vidato nilivyovitaja, hukatwa karibu Sh. 310,000, nikiacha nje makato na misamaha mingine. Wote wawili ni matajiri, lakini mmoja hulipa mara nne ya mwenziwe, kwa sababu fedha yake hupita mikononi mwa mwajiri. Ni kweli mwenye jumba hatolewi gharama zake za kutengeneza wala za mkopo kabla ya kutozwa, nalo si jambo dogo. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno.

Nilipoyasema haya kwa bibi mmoja wa hapa karibu, mwenye vyumba sita, alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimemwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha akasema: "Mjukuu wangu, ukimpandishia yule wa ghorofa kodi ya Serikali, yeye atawapandishia wapangaji kodi ya nyumba. Nao wapangaji wake wakishindwa watakuja kwangu, nami nitaona watu ni wengi kuliko vyumba, nitapandisha pia. Basi nani amelipa?"

Hilo ndilo lile swali la mama wa mlangoni. Nilimfikiria bibi huyu kwa siku mbili. Jibu nililolipata si langu peke yangu. Wanazuoni wa uchumi wamelisema zamani: kodi ikiwekwa juu ya chumba, humwangukia akaaye chumbani, angalau kwa sehemu. Ikiwekwa juu ya ardhi yenyewe, ni vigumu zaidi kuisukuma, maana kiwanja hakiongezeki wala hakipungui kwa sababu ya kodi, na kiwanja kitupu hakina mpangaji wa kusukumiwa. Tena ardhi haina miguu. Wapo wasemao ukimtoza tajiri atahamisha mali yake. Fedha, naam, zaweza kuhamishwa. Ufaransa, mwaka wa 2018, iliacha kuitoza kodi ya utajiri fedha na hisa, lakini nyumba na ardhi ikaendelea kuzitoza.

Nasi katika Nairobi tumefanyaje? Kwa karibu miaka 40 kodi ya viwanja vya mji ilihesabiwa kwa daftari la thamani lililoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwanja kilichokuwa kichaka wakati huo, na leo chauzwa kwa mamilioni mengi, kiliendelea kutozwa kama kichaka. Ndipo juzi juzi hapa thamani mpya zikaanza kutumiwa, na malalamiko mengi niliyoyasoma hayakuandikwa na watu wa vyumba vya udongo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, nanyi mko huru kuyakataa. Naunga mkono wenye mali watozwe zaidi. Lakini nisingeanza tena na mshahara, kwa kuwa huko mchukuzi wa kodi amekwisha pita mara nyingi. Ningeanza na kiwanja kikubwa na jumba kubwa, kwa ngazi kama za mshahara, na vyumba vya akina bibi vibaki chini ya ngazi ya kwanza. Tena daftari la viwanja libandikwe mahali watu waweza kulisoma, jina na kiasi, ili kodi hii isipate kufutwa kimya kimya kama zile za 1922 na 1985.

Limebaki neno ambalo kila niliyemwuliza alilisema, nami sina hesabu ya kulijibu: "Hata wakilipa, fedha zitakwenda wapi?" Fundi wa viatu alinionyesha mtaro ulio mbele ya kibanda chake. Amelipa ada ya kibanda kila siku, asema, na mtaro haujazibuliwa. Alisema hajali sana tajiri atozwe ngapi. Ataka kwanza aone maji yakipita.

Yule bibi wa vyumba sita naye amekuja. Ameketi pale mbele karibu na mlango, na naona mkono wake umeinuliwa tangu nilipotaja viwanja. Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, asikiwe yeye kwanza.