Vumbi la Risasi Haliishii Langoni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Changamwe)

Nimeombwa niseme juu ya taka za viwanda zinazogeuzwa mali. Jambo lenyewe ni jema. Katika nchi zinazochoma makaa ya mawe kupata umeme, kama Bara Hindi, majivu yake huchanganywa na simenti au hufyatuliwa matofali. Hapa kwetu taka inayogombewa ni betri kuukuu za lori na matatu. Ndani mna madini ya risasi, nayo yakiyeyushwa hutengenezwa betri nyingine.

Lakini kumbukeni Owino Uhuru, hapo Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilisimama ubavuni mwa nyumba za watu, mpaka kikafungwa mwaka 2014. Moshi na vumbi la risasi huingia mwilini kwa pua na kwa mdomo, likakaa katika damu na mifupa. Mtu mzima huumwa tumbo, hupungukiwa na damu, figo zikaharibika. Mtoto huharibika akili, na akili hiyo hairudi. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho, alimwona mwanawe mchanga akiugua. Damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Yeye na majirani wakaenda kortini. Julai 2020 wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufani ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi tangu kiwanda kufungwa!

Sasa nguo za kazi. Tajiri huona ameokoa pesa akituacha twende nazo nyumbani. Mke hufua, mtoto humpanda baba mapajani, na vumbi limekwisha fika chumbani. Overoli zibaki kiwandani, zifuliwe huko huko. Tudai maji na sabuni kabla ya kula, na kibarua naye apate, maana yeye ndiye hupewa ufagio. Sakafu imwagiwe maji kwanza, isifagiliwe kavu. Tupimwe damu, na majibu tuambiwe sisi wenyewe. (Wengine hupewa paketi ya maziwa wakaambiwa ndiyo kinga. Maziwa ni chakula.)

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama kila penye wafanyakazi 20 au zaidi. Ambao hawajapata kuiona kamati hiyo kazini kwao, wampe katibu jina la kiwanda chao kabla ya kutoka.