Mchakamchaka wa Jumamosi na Damu ya Desemba

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika siku ya kukutana shuleni)



Katibu aliponiomba niseme maneno machache leo alinipa uhuru wa kuchagua jambo. Mtumishi wa serikali akipewa uhuru wa namna hiyo hupata taabu, maana amezoea kuandika juu ya jambo aliloagizwa, tena kwa nakala tatu. Basi nimechagua jambo ninalolijua kwa miguu yangu mwenyewe, nalo ni kikundi chetu cha kukimbia hapa Msimbazi, pamoja na kazi za kujitolea ambazo tumezifanya vibaya kwanza, kisha vizuri kidogo.

Tulianza mwaka 2018 tukiwa watu sita. Nisiwadanganye kwamba tulikuwa na nia ya kumsaidia mtu. Mimi nilikuwa na tumbo, mwenzangu alikuwa na presha, na hao wanne walitufuata kwa kutuonea huruma. Leo tupo 43, wanaume 28 na wanawake 15. Wamo makarani, mafundi cherehani, mama lishe wawili, mwalimu wa hesabu, madereva, na wafanyabiashara wa vitenge wa Mtaa wa Kongo. Kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakutana Mnazi Mmoja. Tunaishika Barabara ya Uhuru hadi Ilala Boma, tunaingia Barabara ya Kawawa, tunaukata Mto Msimbazi pale Kigogo, tunatokea Magomeni, tunateremka bonde la Jangwani na kuukata mto ule ule mara ya pili, tunapanda hadi Fire, kisha tunarudi Kariakoo kwa Mtaa wa Msimbazi. Ni kama kilometa nane.

Hatukimbii kama Filbert Bayi alivyokimbia Christchurch mwaka 1974 alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500, wala kama Alphonce Simbu aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo mwaka 2025. Sisi tunakwenda mchakamchaka. Kaka zetu wakubwa waliufahamu vizuri katika Jeshi la Kujenga Taifa, kabla ya mafunzo yale ya lazima kusitishwa mwaka 1994. Sisi wa miaka ya tisini tuliukuta hapa hapa shuleni, kabla ya kengele ya kwanza, pekupeku wengine. Mchakamchaka una kanuni moja ambayo sikuitambua nilipokuwa mwanafunzi: ukishindwa kuimba, basi mwendo umekuwa mkali mno. Wimbo ndio saa yake. Kundi zima hulazimika kwenda kwa pumzi ya yule aliye mchovu kuliko wote, na kiongozi akimwacha nyuma, wimbo unakatika na kila mtu anajua.

Mahali tunapokimbia napo pana maana yake. Jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi pale wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na hadi leo ni mahali pa wabeba mizigo. Tukirudi saa kumi na mbili na nusu tunawakuta vijana wa mikokoteni wanaanza kazi. Siku moja mmoja wao alituuliza tunakimbilia nini. Tukamjibu kwamba tunatafuta afya. Akacheka, akasema kama shida yetu ni jasho basi ana magunia kumi na mawili ya vitunguu yanayotakiwa kufika ghorofani. Tulicheka naye, lakini maneno yale yalituchoma. Nadhani kazi za kujitolea kwetu zilianza siku ile.

Kazi ya kwanza tuliyojichagulia ilikuwa kusafisha mitaro. Sababu ilionekana kuwa nzuri. Kila anayekaa bondeni anajua mto ule unavyofanya ukikasirika, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu wapatao 40 hapa jijini hayajasahaulika. Mitaro ikijaa mchanga na chupa za plastiki, maji hayana pa kupita ila majumbani. Basi Jumamosi moja tukaacha kukimbia, tukaja na mabeleshi, reki na ndoo, tukazoa tope la mtaro mzima na kulirundika kando ya barabara. Tukapiga picha. Tukaenda nyumbani tukijisikia watu wa maana.

Usiku wa Jumapili mvua ikanyesha. Tope lote likarudi mtaroni, na lile lililobaki likasambaa mbele ya meza za mama mmoja muuza chakula, ambaye Jumatatu hakuuza kitu. Tukaitwa kwa mjumbe. Yule mama hakutugombeza, na hilo ndilo lililotuumiza. Alisema tu, "Wanangu, ahsanteni kwa kazi, lakini nani aliwaambia?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukumwuliza mtu yeyote. Hatukumwendea mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hatukumwona Bwana Afya, hatukujua gari la taka hupita siku gani. Tangu siku ile hatushiki beleshi kabla hatujaongea na wenye mtaa, na gari la kuzoa tope halijathibitishwa.

Sasa nije kwenye jambo hasa lililonileta hapa, nalo ni damu.

Mwezi Oktoba 2024 tulikwenda kikundi kizima kutoa damu katika kituo cha damu salama pale Ilala. Tulivaa fulana zinazofanana, tukakimbia kwanza kilometa chache, na picha safari hii zilikuwa nzuri zaidi. Watu 31 walikubaliwa. Tulipanga iwe sherehe yetu ya kila mwaka.

Wiki chache baadaye, asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa na watu ndani. Mnakumbuka. Waliokufa walizidi 20, na siku za kwanza watu waliwasiliana na jamaa zao waliofukiwa chini ya zege. Sisi tulikuwa tumemaliza kukimbia, tunakunywa chai. Watu wa kwanza kufukua kwa mikono walikuwa wale wale wa mikokoteni na wauza duka. Wachache wetu walikwenda kusaidia mpaka wataalamu walipofunga njia. Sisi wengine tukasema, angalau twende tukatoe damu. Tulipofika, muuguzi alitazama tarehe kwenye kadi zetu, akatikisa kichwa. Mwanamume hutoa damu kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Kikundi kizima chenye nguvu na afya, na siku ya haja hakuna hata mkono mmoja wa kufaa, kwa sababu sote tulikuwa tumezitumia zamu zetu siku moja kwa ajili ya picha.

Tulisononeka, naye akatuona. Akatueleza jambo ambalo mimi na shahada yangu ya Mlimani sikuwa nimelifikiri. Damu hairuki kutoka mkononi mwako kwenda kwa majeruhi. Kwanza hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina B na C, na kaswende. Kwa hiyo majeruhi wa leo huokolewa na damu iliyokwishatolewa na kupimwa. Tena damu haikai kama mchele: chembe nyekundu hutunzwa kwenye baridi kwa wiki tano au sita tu, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwa siku tano hivi. Akasema huenda damu tuliyoileta Oktoba ndiyo iliyokuwa ikitumika siku ile, kwa hiyo tusijilaumu sana. Kisha akauliza kama yule mama wa mtaroni: je, ya mwezi ujao ataleta nani? Desemba shule zimefungwa.

Wadogo zangu, hapo ndipo mnapoingia. Katika nchi yetu sehemu kubwa ya damu ya kujitolea imekuwa ikitoka kwa wanafunzi wa sekondari waliotimiza umri. Ninyi mnapatikana mahali pamoja, mna afya, na mkiambiwa jambo la maana mnaitikia. Lakini mkifunga shule, akiba hupungua. Wakati huo huo mama anayejifungua akatokwa damu nyingi hajui kama ni likizo. Mtoto mdogo aliyeishiwa damu kwa malaria hajui. Mwenye selimundu hajui. Na Desemba ndiyo miezi ya safari na ajali.

Tukaamua kugawa kikundi. Mara ya kwanza tuliwagawa wanaume mafungu matatu, kila fungu mwezi wake, tukajipongeza. Mwalimu wa hesabu akatuvunja nguvu. Alichora barabarani kwa kipande cha mkaa, akaonyesha kwamba kwa mafungu matatu, kila fungu linafikia haki ya kutoa siku ile ile linapotoa. Katikati ya mwezi likitokea jambo, hakuna aliye tayari, kama mwanzo tu. Yanatakiwa mafungu manne kwa wanaume, na matano kwa wanawake kwa sababu wao husubiri miezi minne. Hapo ndipo kila siku ya mwaka fungu moja la kila upande huwa limekwisha kupumzika vya kutosha na linangoja zamu yake. Kwetu hiyo ni wanaume saba na wanawake watatu. Si wengi. Lakini ni watu kumi wanaojulikana majina, na simu zao zinapokelewa.

Msidhani wote walifurahi. Tunao wenzetu wanaokwenda Moshi kila mwaka kwenye Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na hao walinuna. Wana haki kiasi. Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa kujengeka tena, na mkimbiaji aliyetoa damu huiona tofauti kwenye mlima. Siku ya kutoa hukimbii kabisa. Unakunywa maji mengi na kukaa. Tukakubaliana kwamba anayejiandaa na mashindano abadilishane zamu na mwenzake, ila asiruke. Na waliotoa damu karibuni hukimbia mbele kabisa, sisi tukawafuata, ili wao ndio waamue mwendo. Kwa hiyo kikundi chetu sasa kinakwenda polepole kuliko mwaka 2019, na wapo walioondoka kwa sababu hiyo. Nawatakia heri. Mbio za hisani pia ni jambo jema. Tangu mwaka 2020 mbio za CRDB zimekuwa zikichangisha fedha za kutibu watoto wenye magonjwa ya moyo, na fedha hizo mchakamchaka wetu hauwezi kuzileta. Kila mtu na uwezo wake.

Ndugu Mwenyekiti, ombi langu ni dogo. Umoja wetu una wanachama wengi hapa Dar es Salaam wenye umri kati ya miaka 18 na 65 na uzito usiopungua kilo 50. Kuhusu uzito, nikiwatazama mliokaa viti vya mbele, sina wasiwasi. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita waliotimiza miaka 18 waendelee kutoa damu wakati wa masomo, kama wanavyofanya. Sisi wa zamani tushike likizo: Juni na Desemba ziwe zetu. Wasiotimiza umri wasikatazwe kukimbia nasi. Ipo kazi ya kuandika majina, kugawa maji, na kuwapigia simu kaka zao wanaosahau zamu. Kwenye hili la mwisho nimegundua kijana wa kidato cha pili ana ukali kuliko katibu mkuu wa wizara.

Daftari la mafungu nimekuja nalo, lipo kwa Mwalimu wa michezo pale mlangoni. Fungu la nne la wanaume lina nafasi, na la wanawake tunawaomba wake zenu na dada zenu. Jumamosi ijayo tunaanza Mnazi Mmoja saa kumi na moja na nusu. Atakayechelewa atatukuta Fire, tunapanda taratibu, tunaimba.